Jaji hasikilizi stori yako upya: nilivyopeleka kesi yangu ya ukimbizi mahakamani Kanada

Naandika hii kwa ajili ya wale wanaopokea barua ya kukataliwa, halafu kesho yake kila mtu anawaambia kata rufaa, kata rufaa, na hakuna hata mmoja anayewaelezea hiyo rufaa inaangalia nini. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili ndo lugha ya nyumbani kwetu, na kesi yangu ilikuwa Kanada kwa hiyo nitakachosema ni cha Kanada. Ukiwa Uingereza au Ujerumani au Ubelgiji sheria ni nyingine, usije ukahesabu siku zako kwa kalenda yangu.

Stori yenyewe kwa kifupi. Nilikuwa mwanachama wa CNL, chama cha upinzani Burundi kilichoandikishwa 2019 kikiongozwa na Agathon Rwasa, na kwenye uchaguzi wa Mei 2020 nilikaa kituoni kulinda kura za chama. Baada ya uchaguzi Imbonerakure, wale vijana wa chama tawala, wakaja nyumbani. Sitaandika yote waliyofanya. Nililazwa, na hospitali ikanipa cheti kinachoeleza majeraha na tarehe, kumbukeni hicho cheti. Nikawa nahamahama kwa ndugu mpaka nikapata viza ya Marekani, nikapanda ndege hapohapo Bujumbura kwa pasipoti yangu, nikakaa Marekani wiki chache halafu nikaja kuomba ukimbizi mpakani, kwenye daraja la Peace Bridge kati ya Buffalo na Fort Erie, maana dada yangu anaishi Ontario miaka mingi.

Hapo kwenye daraja kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanada na Marekani wana makubaliano, yalianza kufanya kazi Desemba 2004, kwamba mtu aombe ukimbizi kwenye ile nchi salama aliyofikia kwanza, kwa hiyo ukitokea Marekani ukafika mpakani wanakurudisha Marekani. Ila kuna misamaha, na mmoja wapo ni ukiwa na ndugu wa karibu ambaye yuko Kanada na hadhi inayokubalika. Dada alikuja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, akaulizwa yeye, nikaulizwa mimi, wakaridhika tunashea mama, wakanipokea. Tulishukuru Mungu siku ile. Kitu ambacho hakuna aliyetutajia ni kwamba ukiingia kwa msamaha huo sheria inakufungia mlango wa rufaa ya kawaida. Wengine wakikataliwa na Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi wanaenda kwanza kitengo cha rufaa humohumo ndani ya Bodi, kilianzishwa Desemba 2012, na kile kinaweza kusema huyu ni mkimbizi na yakaisha. Sisi wa mpakani hapana. Watu walishaipinga hiyo, kesi ya Kreishan ilifika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho mwaka 2019 na mahakama ikasema kifungu kiko sawa. Mimi naona si haki, naliandika waziwazi: mtu aliyefuata njia halali kabisa, na ndugu yake kaja kumpokea, ndiye anayenyimwa hatua nzima ya kusikilizwa. Lakini ndo sheria ilivyo, kwa hiyo nikikataliwa kinachobaki ni Mahakama ya Shirikisho tu.

Na nilikataliwa. Usikilizwaji ulikuwa kwa video, mjumbe mmoja wa Bodi ambaye ndiye anayeamua, mkalimani, wakili wangu pembeni, na barua ikaja baadaye. Mjumbe alishikilia mambo matatu. La kwanza, mtu anayetafutwa asingethubutu kupita uwanja wa ndege na pasipoti yenye jina lake. La pili, kwa nini sikuomba Marekani. La tatu, na hili ndo lililonimaliza, kwamba sikuleta ushahidi wowote unaounga mkono kuwa niliumizwa. Jamani kuandikiwa kwenye karatasi yenye nembo ya serikali kwamba unayoyasema hayaaminiki, na wewe ukilala ubavu bado unauma, sijui nielezeje. Nilikaa chumbani. Dada ndo aliyeichukua ile barua akaisoma mpaka mwisho, akaja kuniamsha usiku akaniambia mdogo wangu, amka, wameandika siku.

Siku zenyewe ni 15. Kwa uamuzi uliotolewa ndani ya Kanada una siku 15 tangu ulipopata taarifa, uwe umeshafungua maombi mahakamani, ada ni dola 50. Unaweza kuomba kuongezewa muda lakini hapo unaanza kumbembeleza jaji na sababu zako ziwe nzito kweli. Na wakati unalia, watu wanakuja na ushauri. Kuna mmoja alitaka pesa ili atuandikie barua kwa waziri, kuna mwingine mshauri wa uhamiaji, yuko na leseni yake halali, akasema atatusimamia. Dada akamuuliza swali moja tu, utasimama mahakamani? Akaanza kuzunguka. Mshauri wa uhamiaji kwenye Bodi anaruhusiwa, kwenye Mahakama ya Shirikisho hapana, kule ni wewe mwenyewe au wakili. Wakati unahesabu siku 15 huwezi kupoteza hata moja kwa mtu ambaye hawezi kuingia kwenye hicho chumba. Sisi tulipata wakili anayefanya hizi kesi, na malipo tuliomba Legal Aid Ontario, yani msaada wa kisheria wa huku Ontario, nao hawatoi hivihivi, wanataka kwanza waone kama kesi ina uzito, yani wakili asome uamuzi na kusema kosa liko wapi.

Sasa hapa ndo penyewe.

Nilienda kwa wakili na bahasha mpya. Mama alikuwa amenitumia barua kutoka Buyenzi, na jirani pia ameandika, wanaeleza vijana walivyorudi tena kuniulizia baada ya mimi kuondoka. Nilidhani naleta dhahabu. Wakili akaisoma yote kwa heshima, akaiweka pembeni, akaniambia hii itunze vizuri sana lakini mahakamani haiingii. Nilikasirika. Nikamwambia lakini ndo ushahidi wanaosema sina! Akanijibu, na naweka kama alivyosema, jaji haulizi kama wewe ni mkimbizi, jaji anauliza kama mjumbe aliamua vizuri kwa karatasi alizokuwa nazo mezani siku ile.

Ilinichukua muda kulimeza hilo. Nikampata dada mmoja mwalimu anayeswali msikiti mmoja na sisi, akanipa mfano ukanikaa kichwani: ni mkaguzi anayeangalia mwalimu alivyosahihisha mtihani, hakufanyishi mtihani tena, wala hakupi maksi yeye, akiona usahihishaji mbovu anasema apewe mwalimu mwingine asahihishe upya. Basi. Mapitio ya mahakama ndo hayo. Kwa hiyo karatasi ambayo haikuwepo kwenye faili la Bodi kwa kawaida haipo, hata iwe ya kweli namna gani, isipokuwa vitu vichache kama unalalamika kwamba utaratibu wenyewe haukuwa wa haki. Ndugu zangu ambao bado hamjasikilizwa, someni hapo mara mbili. Cheti, picha, barua ya mama, kadi ya chama, vyote viingie kabla mjumbe hajaamua, maana baada ya hapo mlango wa ushahidi unafungwa na unaendelea kuhukumiwa na faili lile lile miaka yote ya mahakama.

Basi wakili akafanya nini. Akachukua uamuzi wa mjumbe, akachukua na faili, akaanza kusoma mstari kwa mstari akiwa na kalamu, na akanitaka na mimi nikae nisome pamoja na mkalimani, kila sentensi ananiuliza hili ulisema? hili limo? Nilichoka. Lakini ndo tulipokiona cheti. Kimo! Kilikuwa kwenye furushi la ushahidi, kina namba ya ukurasa, kimetafsiriwa kutoka Kifaransa, wakili wa kwanza alikitaja hadi kwenye maelezo yake ya mwisho. Na mjumbe kaandika hakuna ushahidi wowote. Hakusema cheti ni cha uongo, hakusema hakitoshi. Alikiruka tu.

Wakili alifurahi kuliko mimi, mimi nilikuwa na hasira. Akanieleza kuna kesi ya 1998 inaitwa Cepeda-Gutierrez, inasema mjumbe si lazima ataje kila karatasi, lakini kadri karatasi inavyokuwa muhimu na inavyopingana na alichoamua, ndivyo mahakama inavyoweza kuona kwamba hakuiangalia kabisa. Na kuna Maldonado ya 1980, kwamba ukila kiapo unachosema kinachukuliwa ni kweli mpaka ipatikane sababu ya kukitilia shaka. Na hilo la uwanja wa ndege, kesi ya Valtchev ya 2001 inasema mjumbe asikatae maelezo ya mtu kwa sababu tu yeye kwa mawazo yake anaona haiwezekani, hiyo ni kwa mambo ambayo yako wazi kabisa, na asipime nchi ya watu kwa mazoea ya Kanada. Mimi nilikuwa nimeshaeleza kwenye usikilizwaji kwamba vijana wa mtaa wanaokuja na marungu usiku si lazima jina lako wamelipeleka kwenye kompyuta ya uwanja wa ndege. Kila Mrundi analijua hilo.

Juu ya zote hizo kuna Vavilov, ya Mahakama ya Juu ya Kanada, Desemba 2019. Huyo alizaliwa Toronto na wazazi wake walikuwa majasusi wa Urusi, kesi ilikuwa ya uraia wala si ukimbizi, lakini ndo inayoelekeza majaji namna ya kupima uamuzi wa serikali. Jaji haangalii kama yeye angeamua tofauti. Anaangalia kama sababu zilizoandikwa zinafuatika, zina mantiki, na zinajibu hoja kuu za mtu. Na ina sehemu moja ambayo wakili alinisomea polepole: pale ambapo uamuzi unaweza kumletea mtu madhara makubwa, sababu nazo ziwe na uzito wa kulingana na hayo madhara. Niliiandika kwenye daftari.

Kwa hiyo maombi yetu yalikuwa membamba. Mimi nilitaka tuandike mambo kumi na kitu, alivyoniangalia mjumbe, alivyokuwa anakatisha mkalimani, kila kitu. Wakili akabakisha hoja chache zenye nguvu. Nilikula kiapo kwa hati fupi, mkalimani akanisomea kwa Kiswahili kabla sijasaini na yeye akaapa kwamba amenisomea, na tangu kufungua maombi kulikuwa na siku 30 za kuwasilisha hoja zote kwa maandishi. Siku hizi muda huo umebadilika, mwaka 2025 mahakama ilitoa amri maalum ikaongeza 30 kuwa 75 kwa sababu kesi zimefurika, mwaka 2024 peke yake zilifunguliwa za uhamiaji zaidi ya 20,000. Zile 15 za mwanzo hazijaguswa lakini, msichanganye.

Na ombeni jina lifichwe. Hukumu za Mahakama ya Shirikisho zinawekwa wazi kwa dunia nzima na kichwa cha kesi ni jina lako dhidi ya Waziri wa Uhamiaji. Mimi nina mama Buyenzi, nina watoto kule. Kuna kanuni inayoruhusu kuomba tangu kwenye fomu ya mwanzo jina lisitumike, tuliomba tukapewa. Hili watu wengi hawaambiwi na naona ni hatari kubwa sana, mtu anakimbia Imbonerakure halafu stori yake yote na jina lake iko kwenye simu ya kila mtu.

Halafu ikaja subira. Huendi moja kwa moja mbele ya jaji, kwanza unaomba ruhusa. Upande wa Waziri unajibu kwa maandishi, wakili wako anajibu tena, halafu jaji mmoja anasoma peke yake na kusema ndiyo au hapana, akisema hapana kwa kawaida haandiki sababu, na hiyo hapana huwezi kuikatia rufaa. Yani maisha yako yanaweza kufungwa na karatasi ya mistari michache. Kuna profesa wa sheria pale Toronto, Sean Rehaag, alichambua maelfu ya maombi haya ya miaka ya 2005 mpaka 2010, akakuta kuna jaji aliyetoa ruhusa chini ya 2 kwa mia na mwingine zaidi ya 75 kwa mia. Sheria moja, mahakama moja. Wakili aliponiambia nilimuuliza sasa kazi yote hii ya nini kama ni bahati, akasema jaji mgumu naye hawezi kuruka sentensi inayosema hakuna cheti wakati cheti kipo.

Kuna atakayeuliza, si Kanada imesimamisha kurudisha watu Burundi? Ndiyo, kuna amri ya kusitisha kwa muda, Burundi imo, na Wakongomani nao wana ya kwao ya miaka mingi. Watu wanaikimbilia hiyo kama ndo wokovu. Nimeishi ndani yake, acheni niwaambie. Amri ya kuondoka unayo tayari, ila haitekelezwi. Kibali cha kazi unaweza kuomba, nilifanya kazi ghala la mboga zamu ya usiku, lakini huna hadhi, huwezi kuleta mtoto, huwezi kupanga chochote zaidi ya ile tarehe ya kwenye kibali, na siku wakiondoa jina la nchi yako kwenye orodha ndo siku wanaanza kukuita. Wanangu wawili walikuwa wanakua kwenye simu. Mdogo alifika mahali akipewa simu anasema shikamoo mama halafu anamrudishia bibi yake, hana la kuongea na mimi. Kwa hiyo mtu akikuambia tulia tu hawakurudishi, hajui anachosema. Na kwa wale ambao nchi zao hazimo kwenye orodha, sisi wa mpakani kufungua mapitio peke yake hakuzuii kuondolewa kama inavyozuia kwa aliyepitia kitengo cha rufaa, itabidi wakili aombe zuio mbali, na kwa hilo jaji anapima mambo matatu, kama kuna swali la maana, kama utapata madhara yasiyofidika, na mizani ya maslahi iko upande gani.

Ruhusa tulipewa. Ikishatolewa mambo yanakimbia, usikilizwaji lazima upangwe si chini ya siku 30 na si zaidi ya 90, na Bodi inaleta faili lote mahakamani. Siku yenyewe ilikuwa kwa Zoom. Mimi sikuruhusiwa kusema neno, sikutakiwa hata kuwepo, lakini nilikaa na dada tukasikiliza, kama saa moja na nusu hivi. Wakili wa Waziri alikuwa mama mmoja mpole, alisema sheria inachukulia kwamba mjumbe ameangalia ushahidi wote hata kama hakuutaja. Ni kweli sheria iko hivyo. Jaji akamuuliza, mjumbe hajakaa kimya, ameandika haupo, nionyeshe ni wapi ameshughulikia ukurasa huu. Akataja namba ya ukurasa wa cheti changu. Dada alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Hukumu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Jaji hakusema mimi ni mkimbizi, wala hakusema nasema kweli. Alisema uamuzi hauna mantiki kwa sababu ya cheti na kwa sababu ya ile dhana ya uwanja wa ndege, la Marekani akasema lisimame au lisisimame halitoshi kuubeba uamuzi peke yake, faili lirudi kwenye Bodi lisikilizwe upya na mjumbe mwingine. Nyumbani watu walipika, wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nawaambia bado jamani, bado, narudi pale pale nilipoanzia.

Lakini kule kurudi ndo barua ya mama ilipopata kazi. Mbele ya mjumbe mpya ushahidi mpya unaruhusiwa ukiwahi tarehe zao, kwa hiyo nilipeleka ya mama, ya jirani, na taarifa mpya za haki za binadamu kuhusu wanachama wa CNL. Nikajiandaa kueleza kwa nini sikuomba Marekani: nilikuwa nakuja kwa dada yangu, sina mtu mwingine huku, na tangu napanda ndege nilikuwa naelekea kwake. Mjumbe wa pili aliuliza maswali magumu kuliko wa kwanza, saa nyingi, akarudia cheti mara kadhaa, aliniuliza jina la wodi. Nilijua. Alisoma uamuzi wake siku ileile kwa mdomo, mkalimani alipofika kwenye neno kwamba ombi limekubaliwa sauti yake nayo ilitetemeka.

Maombi ya ukaazi wa kudumu nimeweka na majina ya wanangu humohumo, ndo sheria inavyoruhusu kwa aliyepata ulinzi. Wameshapimwa afya Bujumbura. Pasipoti ya mdogo ndo bado, mama anafuatilia.